Kushusha Gari Vidole Vinne

Jumatatu, 1 Juni 1970

Breki za lori la nazi asubuhi. Klachi ya teksi ya Pandu mchana. Grisi mpaka kwenye nyusi. Alasiri nkarudi nyumbani Jang'ombe kumchukua Mama, nimpeleke Jambiani kumwona Mama Mdogo Mize. Ndiye mdogo wake wa pekee aliyebaki, na anaumwa tangu masika. Hatukwenda.

Mama kashindwa kupanda gari. Goti lake la kulia halikunjiki tena. Mguu ulipanda nusu, ukagoma. Mke wangu Rukia akakimbia ndani akaleta mbuzi ya kukunia nazi, eti Mama akanyagie. Jamani, nani anapanda gari kwa mbuzi? Ikateleza mchangani. Mama akaudaka mlango, kidogo aanguke mbele ya baraza zima.

Wanaume wawili wa barazani wakanyanyuka. "Tumbebe, fundi, mara moja tu." Mama akawakata jicho. "Sibebwi mie. Ntabebwa siku ya jeneza, na siku hiyo ntakuwa sina la kusema." Akalivuta buibui lake akarudi ndani, na kikapu chake mkononi.

Nimeona haya mpaka sasa. Gari ni yangu na aliyeiinua ni mie. Mwaka juzi nliitia springi nene, ipate kubeba mizigo ya kamba za makumbi kutoka Jambiani bila ya kukwaruza mawe. Nkajisifu mtaa mzima. Leo mama yangu mzazi haipandi. Basi la shamba ndiyo usiseme, ngazi yake inamfika kiunoni.

Jumanne, 2 Juni

Alfajiri nlimwangalia Mama akenda kutawadha. Kizingiti cha uani anakivuka mwenyewe. Polepole, mkono ukutani, lakini anakivuka. Alipokwisha pita nkachukua njiti ya ukuti, nkapima kizingiti, nkaikata njiti sawasawa na urefu wake.

Nkaenda kuisimamisha kwenye mlango wa gari. Gari imezidi kwa vidole vinne.

Basi hesabu ni hiyo. Goti halitengenezeki. Gari inatengenezeka. Ishuke vidole vinne.

Jumatano, 3 Juni

Pandu kanicheka. Yeye ni fundi mwenzangu, gereji yake inatazamana na yangu, ana teksi na ana mdomo. "Unahangaika nini? Mtungi wa gesi ninao. Tunazichoma springi hapo hapo zilipo, zinalegea, gari inakaa chini yenyewe. Saa moja tu, unakunywa na kahawa."

Najua anavyofanya. Ashawafanyia vijana wawili watatu, gari zao zimechutama vizuri tu. Lakini springi nguvu yake ni ule ugumu. Ukiitia moto umeiua, haikwambii siku gani itakatika. Nlishaiona moja iliyochomwa. Ilikatika njia ya Mwera, gari ikaingia mtaroni na watu wote. Kuikata kwa msumeno nako ni balaa, maana kile kichwa kilichokatwa hakikai kwenye kikombe chake. Gurudumu likining'inia kidogo, springi inachomoka.

Nkamwambia hapana. "Basi mama yako atasubiri," akasema. Maneno hayo yaliniuma.

Kisha jioni kaja muuza kamba kutoka Jambiani, anapita kila wiki kwenda Darajani. Kasema Mama Mdogo hali chakula. Anauliza kila siku: dada yangu yuko wapi? Mama kasikia yote, alikuwa nyuma ya pazia. Kikapu kiko vile vile mlangoni, hakukifungua.

Nmeutazama mtungi wa gesi wa Pandu kwa muda mrefu. Sitasema uongo kwenye daftari langu mwenyewe. Nlitamani.

Alhamisi, 4 Juni

Alhamdulillahi.

Nlikwenda mjini, Mchangani, kwa Bwana Nautam, muuza spea. Rafu zake siku hizi zinaonesha ukuta. Nkamweleza: nataka springi fupi, za gari hii, mpya, zisizochomwa. Nlikuwa nauliza tu nisije nkajilaumu.

Kanitazama, kashika ngazi, kapanda dari. Nkasikia vitu vinaburutwa. Kashuka na kifurushi cha karatasi ya mafuta, vumbi lake la miaka. Ndani springi nne, fupi, nyeusi, hazijaguswa. Kasema kuna kijana aliziagiza kabla ya Mapinduzi. Alitaka gari yake ikae chini, apite nayo Forodhani jioni watu wamtazame. Springi zilipofika mwenyewe keshaondoka kisiwani. Hakurudi.

"Hii ya kijana kuringa," kasema Bwana Nautam. "Mama yako ataringa?"

"Ataringa, inshallah."

Kisha kanifundisha jambo, na mie fundi wa miaka ishirini nkasikiliza. Usitie springi fupi ukaacha shokamzoba ndefu za zamani, zile bomba zinazotuliza mtikiso. Gari ikirukia shimo, gurudumu linashuka mno, springi inabaki inacheza. Shokamzoba zake fupi alikuwa nazo, zilikuja pamoja. Tumekubaliana, badala ya pesa ntamfanyia gari yake breki zote nne. Nimetembea mpaka Jang'ombe na kifurushi begani, sikutaka kumpa mtu anisaidie.

Ijumaa, 5 Juni

Baada ya sala nimeanza. Kwanza magogo manne ya mfenesi chini ya chesi. Jeki inainua, haishikilii. Anayelala chini ya gari iliyo juu ya jeki peke yake, huyo kachoka na roho yake.

Springi ya mbele kulia imetoka. Nlitia vibano viwili, kila upande kimoja, nkakaza nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Springi iliyobanwa haina urafiki, ikichomoka inavunja taya. Nimemfukuza kila mtu uani. Rukia kanisemesha mara tatu kuhusu chakula, sikuitika. Kanuna.

Mbili zimekwisha, zimebaki mbili.

Jumamosi, 6 Juni

Zote nne ndani. Nati za ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu nlizikaza mwisho, gari ishashuka chini na uzito wake uko kwenye magurudumu. Ukizikaza gari iko juu, raba zake zinajikunja na baada ya mwezi zimepasuka. Mipira ya breki haivutwi. Nimefunga uzi tairi ya nyuma mpaka ya mbele, nkanyoosha magurudumu. Taa nazo nimezirekebisha kwenye ukuta wa jirani, zilikuwa sasa zinatazama chini.

Nkatoa njiti. Nkaisimamisha mlangoni. Sawasawa! Lo, nlicheka peke yangu.

Nimeipeleka Chukwani na kurudi. Kona inakaa, haiyumbi. Tamu. Kati ya tairi ya nyuma na madigadi, bati la juu yake, vinapita vidole viwili.

Pandu kaizunguka. "Gari yako imechutama," kasema, "inataka kutawadha?" Lakini kaipapasa springi kwa chini. Naijua roho yake. Kaipenda.

Jumatatu, 8 Juni

Siku mbaya. Naiandika yote.

Asubuhi Mama katoka na buibui jipya. Baraza zima limegeuka. Kashika mlango, kanyanyua mguu, kapanda. Mwenyewe! Rukia kapiga kigelegele, na kina mama wa mtaani wakampokea. Mama kakaa kama mke wa sultani na hakumtazama mtu. Nlikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu harusi yangu.

Hapo ndipo mizigo ilipoanza. Mkono mtupu haulambwi, na kwa mgonjwa ndiyo zaidi. Mchele wa mgao wa foleni ambao Mama alikuwa akiuweka kidogo kidogo. Sukari. Unga. Debe la mafuta ya taa. Kisha majirani: hili la kaka yangu, hili la shangazi, hizi kanga za mtoto wa fulani, nawe fundi unapita mlangoni hasa. Kisha akina Bi Mwanahawa na mwenzake, wa Jambiani wote wawili, wamekaa kule nyuma na vikapu vyao kabla sijafungua mdomo. Na mie nlinyamaza. Nani humwambia mzee ashuke?

Mpaka Tunguu hakuna neno. Jozani tumepita. Baada ya Kitogani lami ikaisha, shimo la kwanza, nkasikia kwaruu. Shimo la pili tena. Halafu harufu ya mpira.

Nlishuka nkalala chini kutazama. Tairi mbili za nyuma zimechunwa na madigadi mpaka nyuzi zinaonekana. Spea ninayo moja.

Nlipima gari tupu. Nliijaribu peke yangu, kama mtu asiye na mama wala jirani. Fundi wa miaka ishirini, kisiwa hiki hiki, na nkasahau kwamba hapa hakuna gari inayokwenda shamba tupu.

Mama kasema, "Twende hivyo hivyo, taratibu." Nkasema hapana. Tairi ikipasuka kwenye mawe yale, na watu wanne ndani, mie ntakuwa nimeua. Kasema tena twende. Nkasema tena hapana. Sijapata kumwambia mama yangu hapana mara mbili.

Basi la Jambiani lilipita baada ya saa. Likawachukua kina Bi Mwanahawa na mizigo yote, ya kwao na ya kwetu. Mama, ngazi ya basi haiwezi, kabaki kwenye gari. Tukageuza, maana nyuma kuna lami na mbele mawe matupu, mwendo wa punda, mie nimeshika usukani kama nimeshika yai. Mizigo imefika, Mama hakufika.

Tulipofika Jang'ombe kashuka mwenyewe, kanambia, "Gari za watu unazitengeneza." Kaingia ndani.

Nlitaka kulia. Nimekwenda kukaa gereji.

Jumanne, 9 Juni

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Leo nimepima kama ilivyopasa kupima mwanzo.

Nimewaita wale wawili wa barazani waliotaka kumbeba Mama. Nkawaita na wengine watatu, wanene ndio niliowataka. Nimewapakia wote kwenye gari na kiroba cha mchanga kwenye buti. Wakakaa humo saa nzima, wamefurahi, wanaagiza kahawa kupitia dirishani. "Leo mnabebwa nyie," nkawaambia.

Gari ikiwa imeshiba hivyo, tairi na madigadi zinapishana kwa ukucha. Nimeukunja mdomo wa madigadi kwa ndani kwa nyundo ya mbao, kidogo kidogo nisije nkaipasua rangi. Umepatikana upana wa kidole kizima. Kisha nimekata raba nene kutoka tairi kuukuu ya lori, nkaiweka pale juu ya ekseli inapogota. Sasa gari ikizama inafika kwenye raba kabla tairi haijafika kwenye bati. Tumeirusha, watano ndani, wakiruka kwa pamoja kama watoto. Haigusi.

Lakini nimejiwekea sheria, na naiandika hapa nisije nkajifanya nimesahau. Watu watatu. Gunia hapana. Gari hii sasa ni ya kumbeba Mama, siyo ya kubeba kamba.

Tairi sina, na madukani hakuna. Magharibi Pandu kaja anabingirisha moja, karudi kaleta ya pili. Kazivua kwenye teksi yake. "Mganga hajigangi," kasema. "Chukua, uache kuninunia." Teksi yake imelala juu ya mawe mpaka nimalize safari za Mama. Nkamwambia ahsante, naye akanambia nyamaza.

Jumatano, 10 Juni

Tumefika.

Mama, Rukia na mie. Asubuhi majirani walikuja na vifurushi vyao, nkasimama mlangoni nkakataa vyote. Nimeitwa mchoyo. Mmoja kasema fundi siku hizi kapata kiburi. Sawa. Nlidhani Mama ndiye atakayekataa kwenda mikono mitupu, lakini Rukia kamwahi: "Mizigo yako si ilishatangulia, Mama? Imebaki wewe." Mama kafikiri, kapanda.

Kitogani nlitoa bismillahi kwa sauti. Shimo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Kutoka hapo mpaka Paje nlihesabu mashimo yote kwa masikio. Hakuna kwaruu. Shati langu lilikuwa limelowa.

Jambiani Mama hakungoja nizunguke. Kafungua mlango, katia mguu mmoja mchangani, wa pili, kasimama. Nkataka kumshika mkono, kanipiga kofi la vidole. Katembea mpaka ndani, hatua kwa hatua, mkono kwenye ukuta wa mawe. Mama Mdogo kaegemezwa kwenye mto. Kakonda, kabaki macho tu.

"Juzi ililetwa sukari," kasema Mama Mdogo. "Nkasema mwenyewe yuko nyuma."

"Njia mbaya."

"Umekuja kwa miguu yako?"

"Kwa miguu yangu."

Wakacheka wote wawili mpaka Mama Mdogo akakohoa. Nkatoka nkaenda kutazama tairi. Zilikuwa nzima. Nkazitazama tena.

Jumapili, 14 Juni

Jambiani. Mama Mdogo kanywa uji nusu bakuli. Wamesemana juu ya kanga iliyopotea wao wangali wari. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye mwizi.

Jumapili, 21 Juni

Jambiani. Mama kapanda, kashuka, mwenyewe. Mama Mdogo hakuamka muda mrefu. Mama kamshika mguu tu, kakaa. Kurudi kanambia, "Gari yako nzuri." Hajapata kuisifu.

Raba za nyuma nzima. Nati nimezikagua zote, nimekaza moja.

Jumapili, 28 Juni

Jambiani. Mama Mdogo kakiri kwamba kanga aliichukua yeye. Mama kasema alikuwa akijua.

Jumatano, 1 Julai

Muuza kamba kaja mapema, na safari hii hakuwa na kamba. Mama Mdogo Mize kafariki alfajiri. Innalillahi.

Pandu kasikia, kafunga gereji yangu kwa mikono yake. Mama hakulia. Kavaa, kapanda, kasema "Endesha." Tulifika kabla hajakoshwa. Mama ndiye aliyemmwagia maji. Kazikwa baada ya alasiri. Nimeshika jeneza upande wa kushoto.

Jumamosi, 4 Julai

Hitima ilisomwa jana. Leo tumerudi.

Asubuhi Mama kawaaga watu wote, mmoja mmoja. Katembea mpaka kwenye gari peke yake. Rukia alikuwa keshakaa nyuma. Nkafungua mlango nkarudi kando, kama apendavyo.

Mama kashika mlango, kasimama. Mguu haukunyanyuka. Nkangoja. Nlidhani goti. Nkatazama chini, gari iko pale pale nilipoishusha, mchanga ni sawa, hakuna kilichobadilika.

"Nibebe, mwanangu," kasema.

Nimembeba. Mkono mmoja mgongoni, mmoja chini ya magoti. Mwepesi, wallahi, mwepesi kuliko kikapu chake kilipokuwa na mchele. Kalaza kichwa begani kwangu kidogo tu, hata Rukia hakuona. Nimemweka kwenye kiti, nimemkunjia buibui lisibanwe na mlango.

Nimeendesha polepole. Kitogani kalala.

Jang'ombe kashuka mwenyewe. Barazani wamesimama kwa heshima. Kavuka kizingiti cha uani, mkono ukutani, kenda kutawadha kwa adhuhuri.

Ile njiti ya ukuti nimeikuta mfukoni, imevunjika kati. Nimeitia kwenye sanduku la spana. Kesho asubuhi namrudishia Pandu tairi zake, kisha breki za Bwana Nautam.